Manjano ya Mama

Jumapili, 2 Machi 2025
Leo kanisani Riruta nimetoa ushuhuda wa kazi yangu. Nikasema ukweli tu: kule maabara ya mjini tulimwagia seli za saratani maji yaliyokamuliwa kwenye manjano, kile kiungo cha mchuzi, zikafa. Ndani ya kisahani, nikasema. Nani alisikia kisahani? Makofi yalishaanza! Mama, kitambaa kichwani tangu kemo ya saratani yake imnyonyoe nywele, akalia. Nami nikajiona mtu.

Jumanne, 11 Machi
Hospitali wamenipigia. Mama hakwenda kemo! Nikakimbia Kinoo kwake. Nikamkuta anakoroga manjano kwenye maziwa, vidole njano tupu. Eti ndiyo dawa, na aliyeitangaza ni mimi. Kisahani si mwili, Mama! Hata ukila gunia zima, kinachofika kwenye damu ni kiduchu. Akasema nimesomea ubishi. Daktari anamngoja hadi Jumanne ijayo. Akikosa tena, uvimbe utasambaa.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemwomba Pasta Mbaluka amshawishi. Hawezi, asema, kuingilia imani ya mtu. Imani gani? Ni maneno yangu hayo! Akina mama wa kanisa wamepanga zamu ya kumsagia manjano. Na Philister wa kwaya, mwenye uvimbe wa titi, ameahirisha upasuaji mpaka asikie Mama anaendeleaje. Mdomo huponza kichwa, husema watu. Wangu umeponza vichwa vya wengine. Sijala tangu asubuhi.

Jumamosi, 15 Machi
Namchukia Mama. Hapana—naogopa.

Jumapili, 16 Machi
Niko nje, nyuma ya kanisa, naandika mbiombio. Mama amesimama mbele ya watu akasema amepona. Amepona! Na gauni linamwanguka mabegani. Vigelegele. Pasta akatangaza: kwaya ikimaliza, mimi Kasiva nije nithibitishe kisayansi.

Mama akanifuata huku. Akanishika mkono. Uvimbe haujapungua, amekiri, unamuuma kila siku.

"Kasiva, usinipee aibu. Wewe sema tu imenisaidia. Tuesday tutaenda kemo na wewe, hakuna mtu atajua."

Nimefurahi! Nimefurahi mpaka nimeona haya. Neno moja tu, na Mama anarudi kwa daktari. Amesharudi ndani kukaa. Kwaya iko ubeti wa mwisho. Nachungulia dirishani—Philister haimbi leo. Amekaa kiti cha kwanza, daftari magotini, kalamu tayari. Wananiita.