Nani Aliwazidishia Kuku Mwanga

Bwizibwera

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Mgongo unaendeleaje? Na foleni ya kisimani, bado wanakuacha upite mbele au wameshasahau kwamba wewe ni mtu mzima? Mimi ni mzima wa mwili, lakini moyo unachemka na sitakuficha. Nimeambiwa habari imefika huko kambini Rubondo kabla yangu, kwamba Goreti amefukuzwa Mbarara kwa kuiba chakula cha kuku. Ni uongo. Sikiliza ilivyokuwa.

Bosi wangu ana kitabu cha ufugaji, nacho kinasema kuku wa mayai wapewe mwanga wa laksi ishirini, maana laksi ndiyo kipimo cha mwanga. Akanunua kimashine cha kupimia mwanga. Tulipokiweka usawa wa vichwa vya kuku kikaandika mbili tu. Pembeni kulikuwa na herufi ndogo, F na C, nikamwonyesha nikamwuliza maana yake. Akanijibu kwamba kazi yangu ni kufagia mavi, si kuuliza. Akaniamuru nifunge ampuli ya taa nyingine, na nyingine, mpaka kikaandika ishirini. Banda likawaka kama kanisa usiku wa Pasaka.

Siku ya tatu kuku wakaanza kudonoana. Walinyofoana manyoya, wakatoana damu mkiani, wengine wakafa. Bosi akawaita wafanyakazi wote, na majirani pia. "Kuku aliyeshiba hali mwenzake," akasema. "Huyu mkimbizi chakula anakipeleka kwao kambini." Wakapekua begi langu, wakatandaza nguo zangu za ndani pale uani, wanaume wakiangalia. Hawakupata hata punje. Nikaambiwa niondoke hivyo hivyo.

Nilikuwa bado nakunja nguo alipofika daktari wa mifugo. Akachungulia bandani, akauliza ni nani aliyewawashia kuku jua. Akachukua kile kimashine, akabonyeza kitufe kimoja, na ile ishirini ikageuka mia mbili na kumi na tano. Akaeleza kwamba kilikuwa kinapima kwa kipimo cha Kiingereza, cha futi na mshumaa, ndiyo zile F na C, na moja ya kipimo hicho ni karibu laksi kumi na moja. Ile mbili ya kwanza ilikuwa inatosha kabisa; mwanga uliozidi ndio uliowafanya kuku wadonoane. Mama, zile herufi nilizionyesha kwa kidole changu mwenyewe!

Unadhani bosi aliomba radhi? Aliniita nyuma ya stoo, sisi wawili tu, akasema yaliyopita si ndwele, nirudishe begi ndani. Nikamwambia, "Uliniita mwizi mbele ya watu. Nisafishie jina mbele ya watu hao hao." Akacheka, akasema wakimbizi wanaoitaka kazi ile wamejaa tele. Nikajitwika begi nikaondoka. Sasa naosha madebe ya maziwa hapa Bwizibwera. Vidole vimepasuka kwa maji baridi, na hasira haijapoa.

Nisalimie dada mkubwa na wanawe, shangazi muuza mihogo, na mama yangu wa ubatizo.

Na wewe Katekista, unayemsomea Mama barua hii, nakuomba isiishie hapo nyumbani. Jumapili baada ya misa, kabla watu hawajatawanyika, na wale walioleta habari wakiwepo, isome yote kwa sauti. Mama, simama kando yake, na usiinamishe kichwa.

Ni mimi binti yako Goreti, ambaye hakuiba.