Kiti cha Saidi Mbele ya Kompyuta

Kwa mume wangu, Baba Saidi,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipoinamia cherehani, na zikukute mzima. Goti je? Usiniandikie kwamba si kitu, maana dada yako ameshaniambia unashuka ngazi za msikiti ubavuubavu kama kaa. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Zuhura, mke wa mwanao, amejifungua salama, mtoto mwanamume, ananyonya utadhani analipwa, na mimi ndiye nimkandaye mzazi kwa maji moto kila asubuhi. Kinachonishinda ni baridi ya huku bara. Nalala na soksi za jeshi za mwanao, wala sioni haya.

Sasa acha hiyo sindano, nikupe habari za Saidi. Jina la mahali tulipo kanikataza kulitaja, nami silitaji.

Wajua kazi yake jeshini ilikuwa kuandika kwenye kioo. Rada ikiona ndege, mtu husema kwa simu iko wapi, na Saidi, nyuma ya ubao mkubwa wa kioo, huiandika kwa penseli ya nta. Wakubwa wamekaa upande wa pili, kwa hiyo yampasa aandike kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, ili wao wasome sawa. Wenzake walitoka jasho. Mwanao aliyekulia chuoni, kwenye Kurani, akaandika kama aandikaye alifu na bee. Na nani alikuwa akimburura kwenda chuoni huku analia? Si wewe.

Basi ikaletwa kompyuta, na kioo hakina kazi tena. Hiyo hupokea habari za rada yenyewe, huchora kila ndege kwa nukta, hupambanua yetu na ngeni, kisha humshauri mkubwa mizinga ipi ielekezwe wapi. Waandishi wa kioo walikuwa wanane, viti vya kompyuta vitatu. Wanaobaki wanakwenda ghala la mablanketi. Saidi aliacha shule kidato cha pili, wenzake wana hesabu zao. Akawa hali chakula, anakoroga chai mpaka inapoa. Ile barua yako ya kumtaka arudi ashone nawe niliificha chini ya godoro. Unisamehe, lakini sijutii.

Jumamosi iliyopita tukaalikwa chai, sisi jamaa za askari, na mkubwa wao, Meja mmoja mrefu wa bara, akatusimulia mbele ya wote. Walikuwa katika mazoezi, ndege zetu zikijifanya adui. Kompyuta ikaonyesha nukta mbili zinakuja, ikashauri mizinga igawanywe mafungu mawili. Meja kidole keshakiweka kwenye kitufe cha kukubali. Saidi, ambaye zamu yake ilikuwa kutazama tu, akasema zile ndege si mbili. Mmoja wa wenzake akamcheka, akamwambia maalimu, rudi kwenye kioo chako. Meja akamuuliza amejuaje.

"Afande, mwezi ukiandama Lamu, na Malindi ukaonekana, huwa miezi mingapi?"

"Mmoja."

"Basi na hiyo ni moja. Rada zetu ni mbili, kila moja iko juu ya kilima chake. Kila moja imeiona, na kompyuta imeamini zote. Tazama, zinapinda pamoja, haziachani."

Wewe mwenyewe shahidi, Baba Saidi, mwaka gani hatukugombana na watu wa Lamu juu ya Idi? Mtoto kakulia ndani ya ugomvi huo. Meja hakumwamini. Akampigia simu askari aliyekaa mlimani na darubini, naye akajibu anaona ndege moja tu. Zingekuwa mbili, leo Saidi angekuwa anakunja mablanketi.

Meja akauliza mama yake ni yupi. Niliinuka kabla hajamaliza. Nikamweleza habari za chuo, na bakora, na namna nilivyompika kijana huyu. Zuhura ananivuta buibui, Saidi anatazama viatu vyake, mimi naendelea. Nilikuwa na haki.

Kiti amepata, cha kwanza katika vile vitatu. Lakini aliyepata kiti hapewi likizo mpaka amewafundisha wageni, na Meja asema mwaka utakwisha kwanza. Nimemwona usiku ule akimbeba mwanawe, akaniambia, "Mama, Baba hatamwona akiwa mdogo hivi." Nikamwambia ale.

Msalimie dada yako, wifi yangu mwenye macho makali, na mama yako, mavyaa wangu mpendwa aliyenifunza kukanda mzazi, na yule Muhindi jirani akuuziaye uzi. Wote wasomee barua hii, kwa sauti.

Nawe ulikula kiapo hutapanda gari la bara. Funga siku tatu, iwe kafara ya kiapo chako, kisha uje kabla ya arobaini ya mtoto. Mtoto hatujampa jina. Saidi amekataa, asema atapewa la babu yake, nalo litajwe na babu mwenyewe.

Nakungoja,
Mkeo, Mama Saidi