Aluminium Iliyopakwa Sabuni ya Nguo

Jumanne, 10 Juni 2014

Bon. Vidole vyeusi tena. Aluminium iko na hii tabia: unasugua, kitambaa kinakuwa kama makaa, unafikiri bado ni chafu, kumbe ndiyo inang'aa. Nimemaliza fremu ya kioo cha mbele. Papa amemaliza mistari ya aluminium ya milango. Gari ni ya sport, nyekundu, viti viwili, inamzidi umri hata yaya Clarisse, dada yangu mukubwa. Jumamosi Clarisse anaolewa. Papa ndiye atamupeleka kanisani na hii gari. Nilijiona kwenye fremu, na chunusi zote. Raha.

Jumatano, 11 Juni

Primaire, shule ya msingi, nilisoma kwa Kifaransa, sasa niko shule ya Waflamand, wale Wabelgiji wasioongea Kifaransa. Donc Papa alinituma mimi kwa meneer Jos, muzee anayeuza vipuri vya magari ya zamani hapa Berchem. Kuuliza tu: tufanye nini aluminium isipauke tena? Haya ilinishika. Niliongea na viatu vyake. Alijibu: was. Paka, acha ikauke, pangusa. Nikasema dank u, asante, nikatoroka.

Was, kwa Kiflamand, ni nguo za kufua. Nikamwambia Papa: sabuni ya kufulia. Alishangaa kidogo. Kisha akasema Waflamand wanajua magari. Akakoroga sabuni ya unga ya Maman na maji ya moto, tukapaka kote. Tukaacha ikauke.

Alhamisi, 12 Juni

Catastrophe. Aluminium imepauka kama magoti bila mafuta. Nimefungua dictionnaire. Was ni nguo za kufua, ndiyo. Was ni pia nta. Nta! Ile cire ya kupaka magari. Mimi mujinga.

Nilimwambia Papa palepale. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Maman! Kuya uone, mutoto wako amefulia gari!"

Clarisse hakucheka. Alilia jikoni. Hiyo iliniuma.

Kusugua kote upya, na nta hatuna. Papa anasema nirudi kwa Jos, na safari hii nimuangalie usoni. Afadhali nioshe vyombo mwaka mzima.

Ijumaa, 13 Juni

Nilikwenda. Nilieleza kila kitu, usoni kabisa. Meneer Jos akauliza kama tulitia na ile dawa ya kulainisha nguo. Alicheka mpaka miwani ikashuka. Mimi pia, sikujizuia.

Akachukua mkebe wa nta, akavaa koti, akaja nyumbani. Papa na Kifaransa chake, Jos na Kiflamand chake, mimi katikati, mdomo haukupumzika. Tulisugua watatu. Nta nilitaka kuipaka kama siagi kwenye mkate. Jos akanishika mkono: nyembamba, nyembamba. Papa ameshaanza kumuita tonton Jos, kama mjomba wetu.

Jumamosi, 14 Juni

Clarisse aliinama kwenye fremu, akanyoosha shela yake, akanibusu. Nimechoka kwa furaha.

Jumapili, 15 Juni

Mvua. Papa amelala. Kitanda cha Clarisse kiko kitupu. Matone yanasimama juu ya aluminium, mviringo-mviringo, kisha yanateleza. Meneer Jos alipita na mkate wake. Nilifungua dirisha, nikamsalimia mimi kwanza.