Leseni ya Handeni, Kiboko wa Kitaya

"Leseni ya kuwinda ni kama leseni ya gari, ukiipata Handeni unapiga popote." Hayo ni maneno yako, shemeji Rajabu, na si kweli hata kidogo.

Niko Kitaya kwa shangazi yako, Bi Somoe, aliyenipokea kwa ugali wa muhogo na kambale kana kwamba nimekuja kumwokoa. Asubuhi alinionyesha mpunga wake: nusu umelazwa, na nyayo za kiboko zimejaa maji. Askari wanyamapori aliisoma leseni yangu mara mbili. "Mzee, hapa pameandikwa nyati, tena Handeni. Huyu ni kiboko, na hapa ni Kitaya." Nikauliza kama naweza kuomba kibali cha hapa. Akasema mnyama mharibifu ni kazi ya askari, na askari husubiri agizo kutoka Mtwara. Ila mchana kiboko huyu hulala ng'ambo ya mto, upande wa Msumbiji, basi hata askari mwenyewe hana hakika ni wa nani. Sheria nimezisoma, shemeji, na bado sielewi.

Bi Somoe akauliza, "Na huyo kiboko kavuka mto kwa kibali gani?"

Wabusu watoto, Mungu awatunze. Lakini ninyi wawindaji wa Handeni, someni leseni zenu mpaka mstari wa mwisho kabla ya kufunga safari. Na wewe, Rajabu, uliyemwahidi shangazi yako kwenye simu kwamba naja kumwua kiboko, mpigie leo umwambie mwenyewe.