Simba wa Ipuli

Jumatatu, 4 Machi 1974
Josho asubuhi, kuogesha ng'ombe wa kijiji dawa ya kupe. Saa tano mbwa wa bwana nyama, askari wa wanyamapori, kaletwa kituo chetu cha mifugo kutoka Usinge. Homa ya kupe, fizi nyeupe kwa kuishiwa damu. Nimemtoa mbwa mzima, Simba wa Ipuli, chupa moja ya damu ya kumwongezea mgonjwa. Kapewa mfupa, kaondoka zake. Daftarini: "Simba, Ipuli. Kajitolea." Neno la siku hizi. Hata choo cha ofisi tumekichimba kwa kujitolea.

Jumatano, 6 Machi
Mbwa wa pili kutoka Usinge. Athumani, mwenzangu wa zamu ya mchana, kamtoa damu Simba. Simba yupi? Wa Ipuli. Sikujali. Nusu ya mbwa wa mji huu wanaitwa Simba.

Ijumaa, 8 Machi
Mgonjwa wa tatu. Simba kaja langoni mwenyewe, polepole. Chupa haijafika nusu, miguu ikamlegea. Nikamgeuza. Shingo imenyolewa kulia pia. Mimi hunyoa kushoto kabla ya sindano. Athumani hunyoa kulia.

Nimefungua daftari. Simba, Ipuli: mara sita tangu mwezi uliopita. Tulidhani ni Simba watatu. Ni huyu huyu, anafuata mfupa.

Najichukia.

Jumamosi, 9 Machi
Nimempeleka kwa mkokoteni kwa mwenyewe, Mama Kalunde, mfinyanzi. Nimemwamkia shikamoo, hakuitikia. Akasema ruhusa alitoa mara moja tu. Nikajitetea, eti tuliandika kajitolea.

"Mwanangu, mbwa hajui kukataa mfupa," akasema. "Ndiyo kujitolea huko?"



Jumapili, 10 Machi
Simba kafa. Fizi nyeupe, kama za wale aliowaponya.

Jumatatu, 11 Machi
Nimemwomba mkuu wa kituo tuweke kanuni: jina la mwenye mbwa, ruhusa yake kila mara, mapumziko ya miezi miwili. Kacheka. Watu wenyewe damu hawana, mimi natungia mbwa sheria! Nimekasirika nusura nimtukane. Kanuni nimeiandika mwenyewe, nimeibandika mlangoni. Athumani katia sahihi.

Alhamisi, 14 Machi
Mbwa kaja kwa treni kutoka Bukene. Homa ile ile. Nimepita nyumba nne Ipuli kuomba ruhusa. Zote zimekataa. Habari za Simba zimefika kila mahali.

Kafa saa tisa alasiri. Tumemzika nyuma ya josho.