Sukari Uliyomtumia Baba

Hosteli ya Wauguzi,
Hospitali ya Mkoa,
Shinyanga.
18 Novemba, 1983

Mpendwa kaka Clemens,

Shikamoo. Wifi Paskalina hajambo? Na watoto, na kazi ya kiwandani? Natumaini vumbi la miwa halijakurudishia kile kikohozi. Mimi ni mzima, nakula, nalala.

Tangu nimalize chuo kikuu niko hapa kwa mwaka wa mazoezi, nikijifunza kupanga chakula cha wagonjwa. Nikifaulu nitasajiliwa kuwa mtaalamu wa lishe wa hospitali. Ulizoea kunitania kwamba nimesomea kupika uji. Basi ndiyo kazi yenyewe, kaka, ila nafundishwa pia nani asipewe nini.

Baba amelazwa hapa tangu mwezi uliopita. Ni kisukari. Jumanne wamemkata mguu wa kulia, chini ya goti. Nilimpelekea uji, nikamlisha, nikaosha kikombe. Sijalia. Moyo umekufa ganzi tu.

Msimamizi wangu, Mama Eufrasia, aliuliza mbele ya wodi nzima, "Sukari imeadimika hata kwa mapadre. Huyu mzee anaipata wapi?" Nikajibu kwamba kaka yangu yuko kiwanda cha sukari huko Kilombero, na hasahau nyumbani. Wagonjwa wote wakageuka kumtazama baba. Wa kitanda cha jirani akasema, "Mzee, wewe umezaa." Baba akatabasamu, mara ya kwanza tangu akatwe.

Usijilaumu. Kila baba alipodhoofika, mama alimkolezea uji apate nguvu, kisha akakuandikia utume zaidi. Sote pale Ushirombo tulijivunia lile kopo la sukari. Lakini sasa kidonda kimeanza kwenye kidole cha mguu wa kushoto, na kopo nimelikuta tena chini ya mto wake.

Kwa hiyo usitume tena, hata kijiko kimoja. Njoo Krismasi, na uje mikono mitupu. Najua mtoto wa kiume harudi nyumbani hivyo. Wakisema, waambie ni mimi niliyekukataza.

Mama anawasalimu nyote, na shangazi Anisia pia. Baba anakusalimu kuliko wote. Ameniagiza nikuandikie kwamba sukari ya mwisho imefika salama, ahsante sana, na ukipata nyingine umtumie, kwa kuwa wenzake wa wodini wameshaizoea.

Nimeandika kama alivyoniagiza.

Mungu awafunike kwa mkono wake, wewe na nyumba yako.

Mdogo wako akupendaye,
Febronia