Visingizio Vimeniishia

Dada yangu mkubwa, mrembo wa zamani,

Shikamoo. Huku wote wazima, na mimi bado ndiye mzee mtanashati kuliko wote mtaani.

Hospitali yetu inawafanyia watu elfu tano operesheni ya macho mwezi huu, na wanapangwa na kompyuta. Siyo moja, ni kundi zima: moja ya vitanda, nyingine ya magari, nyingine ya wauguzi, na zinashauriana zenyewe kama wifi zako, ila hizi hazigombani. Mimi peke yangu nimezitoa jasho zote!

Zamu yangu ilipofika zikanipigia simu. Nikasema sina usafiri. Ya magari ikaniambia gari litakuja saa mbili. Nikasema sina wa kunisindikiza. Ya wauguzi ikanipa muuguzi. Nikasema kuku wangu watakufa njaa. Dada, zikanong'onezana kidogo, halafu zikasema jirani yangu fundi viatu amekubali kuwalisha!

Nikabaki sina pa kutokea. Nikasema ukweli: naogopa. Mwaka mzima nilikuwa sioni hata mlango wangu, na wewe sikukwambia.

Zikanitafutia mzee aliyepasuliwa juzi, akanipigia. "Mzee mwenzangu, hata mimi nilitetemeka mpaka kitanda kikapiga kelele. Njoo tu."

Nikaenda. Jana wamenifungua bandeji. Nilipofika nyumbani nikaichukua ile picha yako mpya, ambayo nilikuapia kwenye simu kwamba humo hujazeeka hata kidogo.

Dada, nafuta kauli.

Mdogo wako, anayeona sasa